Nundu, mikia na mipito ya uongo: utatuzi wa matatizo unapopima usumaku wa oksidi kwenye baridi kali

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuchoma oksidi yake tanuruni, akaithibitisha kwa eksirei, akaiingiza kwenye magnetomita ya SQUID (kipima-usumaku chenye usikivu mkubwa sana), na sasa anatazama mchoro wenye kona, nundu au mkia ambao hakuutarajia. Malalamiko yanayoletwa ni yaleyale karibu kila maabara, na mara nyingi chanzo si mpangilio mpya wa spini (visumaku vidogo vya elektroni). Ni hewa iliyoganda, ni mabaki ya kinu, ni uga uliosalia kwenye koili. Ukishika jambo moja tu hapa, shika hili: halijoto ya kona ndiyo kitambulisho chake. Isome kwa makini, kisha uliza ni kitu gani kingine kinachogeuka kwenye halijoto hiyohiyo.

Nimepanga kwa dalili. Visababishi vinaanza na vile vinavyotokea sana, na ukaguzi unaanza na ule usiogharimu kitu. ZFC na FC nimeziacha kama zinavyoandikwa kwenye skrini: ya kwanza ni sampuli iliyopozwa bila uga wa sumaku, ya pili ni iliyopozwa ndani ya uga.

Kabla ya dalili yoyote: pale unapoacha kazi na kuita mtu

Lita moja ya heli ya kimiminika, ikichemka na kufikia joto la chumba, hutoa takriban lita 750 za gesi. Haina rangi wala harufu, na huifukuza oksijeni chumbani bila wewe kuhisi kubanwa pumzi. King'ora cha oksijeni kikilia (kwa kawaida hupangwa kulia kiwango kikishuka chini ya asilimia 19.5), toka. Data utaikuta.

Sumaku ya superkondakta (waya usiozuia umeme ukiwa kwenye baridi kali) ikipoteza hali yake ghafla, nishati iliyokuwa ndani ya koili hugeuka joto na heli huchemka kwa mkupuo: utasikia mvumo na kuona wingu jeupe. Toka, funga mlango, mwite mhandisi. Usijaribu kupandisha uga tena kwa mkono wako ili uone kama bado inafanya kazi.

Shinikizo la tangi likipanda huku hakuna gesi inayotoka, au fimbo ya kupimia kina cha heli ikikwama shingoni, huenda hewa imeganda na kuziba njia. Hilo si jambo la kuchokoa kwa waya. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivuke mstari wa militesla 0.5 uliochorwa sakafuni, hata kama anasema anapita tu.

Nundu pana kati ya 40 na 60 K, ambayo wiki iliyopita haikuwepo

Mtuhumiwa wa kwanza, tena kwa mbali, ni oksijeni. Molekuli yake ina elektroni mbili zisizo na wenzi, kwa hiyo ni paramagneti (huvutwa na uga bila spini zake kujipanga zenyewe) yenye nguvu, na hata ikiganda haitulii: huyeyuka kwenye 54.4 K, hubadili muundo kwenye 43.8 K, na chini ya 23.9 K huingia mpangilio wa antiferomagneti (spini jirani zikielekea kinyume). Hewa kidogo iliyopenya wakati wa kushusha sampuli, au iliyobaki ndani ya kapsuli ya jelatini, inatosha kuchora nundu hapo. Sampuli yenye nguvu huificha. Fuwele ya miligramu moja au utando mwembamba hauna uwezo huo.

Anza kwa kulinganisha mchoro wa kupoza na wa kupasha. Nundu ya oksijeni mara nyingi hubadili umbo na mahali kati ya safari hizo mbili, kwa sababu gesi huganda sehemu moja na kuyeyukia nyingine. Kisha pasha chemba hadi joto la chumba, au angalau ipite vizuri 90 K ambapo oksijeni huchemka, nyonya hewa kwa pampu na usafishe kwa gesi ya heli mara kadhaa. Rudia kipimo kilekile, uga uleule, kasi ileile. Nundu ikitoweka au ikipungua, kesi imekwisha.

Ikiwa sampuli iko ndani ya kapsuli, itoboe tundu dogo kwa sindano kabla ya kuipandisha, hewa ipate pa kutokea. Ikiwa iko ndani ya mrija wa kwatzi uliozibwa kwa moto, hakikisha ulizibwa ukiwa na ombwe au heli. Mrija uliozibwa na hewa ndani yake utaendelea kukupa oksijeni hata usafishe chemba kutwa nzima.

Nundu inayorudi na kukua siku baada ya siku ni dalili ya uvujaji. Kagua oringi ya mlango wa juu: unywele mmoja au punje ya vumbi inatosha. Ifute, ipake grisi kidogo sana, irudishe. Ikiendelea baada ya hapo, simama. Kutafuta tundu kunataka kitambuzi cha uvujaji wa heli na mtu anayejua kukitumia. Ukifungua mihuri mingine kwa kubahatisha utaingiza unyevu ndani ya kifaa kizima.

Anayefanya kazi na manganisi ana mtego wa pili palepale. Mn3O4 ni ferimagneti (spini hupingana bila kufutana kabisa, hivyo usumaku hubaki) chini ya takriban 43 K, karibu sawasawa na mpito wa oksijeni. Watu wengi wamesafisha chemba mara kumi wakipigana na kitu kilichomo ndani ya unga wao wenyewe. Namna ya kuwatenganisha ni hii: Mn3O4 haiondoki kwa kusafisha, chini ya 43 K michoro ya ZFC na FC huachana waziwazi, na ukizungusha uga kwenye 5 K utapata kitanzi chenye usumaku unaobaki uga ukiwa sifuri. Oksijeni haitoi kitanzi cha namna hiyo. Usijitetee kwamba eksirei haikuonyesha Mn3O4. Eksirei ya kawaida ya maabara hupata shida kuona kitu kilicho chini ya asilimia moja au mbili, ilhali magnetomita hukiona bila taabu.

Tiba iko tanuruni. Mn2O3 ikipashwa hewani kupita takriban nyuzi 900 za Selsiasi huanza kugeuka Mn3O4, kwa hiyo manganisi ambayo haikuungana na wenzake wakati wa kuchoma itabaki katika sura hiyo. Saga upya, kandamiza kidonge, choma tena kwa muda mrefu zaidi, na ukihitaji pitisha oksijeni wakati wa kupoza polepole.

Kona au ngazi karibu na 120 K

Hapa watuhumiwa ni wawili na wanaishi mlango kwa mlango. Magnetiti, Fe3O4, ina mpito uliopewa jina la Evert Verwey, aliyeueleza mwaka 1939, kati ya takriban 120 na 125 K. MnO nayo huingia mpangilio wa antiferomagneti karibu na 118 K.

Tofauti yao ni rahisi kuliko inavyoonekana. Magnetiti hubaki na mpangilio wake hadi 858 K, hivyo kwenye 300 K ishara yake tayari ipo na ni kubwa. Kwenye 120 K utaona ngazi juu ya kitu kilichokuwepo tangu mwanzo. MnO huanza na ishara ndogo ya paramagneti, ikapanda taratibu, ikapinda kwenye 118 K na kushuka, bila kitanzi chochote.

Magnetiti kwa kawaida imetoka kwenye vyombo: kinu cha chuma, mipira ya kinu cha kuzungusha, kijiko kilichokwanguliwa, kibano. Ukaguzi wa kwanza haugharimu hata senti. Tandaza unga kwenye karatasi, pitisha sumaku ya neodimi chini yake, tazama kama kuna punje zinazosimama au kukimbia. Zikikimbia, unaweza kuuchanganya unga na alkoholi na kuwaopoa wageni hao kwa sumaku iliyofungwa ndani ya plastiki. Asidi itumie tu ikiwa unajua oksidi yako inaistahimili. La kudumu ni kuhamia kwenye kinu cha akiki na kibano cha plastiki, na kutochangia kinu na anayesaga feriti.

Magnetiti iliyopungukiwa chuma au yenye punje ndogo sana huonyesha mpito ulioshuka na kufifia. Ngazi pana kwenye 100 K haimwondoi kwenye orodha.

Halijoto nyingine zinazostahili kubandikwa ukutani karibu na kifaa:

- EuO: feromagneti (spini zote upande mmoja) chini ya 69 K
- MnO2 ya aina ya beta: karibu na 92 K
- CuO: 213 K na 230 K
- Hematiti: mpito wa Morin, karibu na 260 K
- CoO: karibu na 290 K
- Cr2O3: karibu na 307 K
- NiO: karibu na 523 K

ZFC na FC hazikutani hata kwenye 300 K

Kisababishi kikuu ni uchafu wa feromagneti, na wa kwanza kushukiwa ni chuma kwa sura zake zote. Wa pili ni kishikio: mrija wa plastiki ulioshikwa kwa vidole vichafu au kukatwa kwa mkasi wenye kutu. Wa tatu, mara chache, ni sampuli yenyewe, ikiwa ni antiferomagneti iliyoinama kidogo ambayo mpangilio wake unaendelea kupita joto la chumba.

Pima kishikio kitupu. Nashangaa ni wangapi hawafanyi hivyo, wakati kinachotakiwa ni saa moja ya kifaa. Kisha pima usumaku dhidi ya uga kwenye 300 K. Oksidi safi ya paramagneti itakupa mstari ulionyooka unaopita sifuri. Uchafu wa feromagneti hujaa mapema, hivyo utaona mruko mdogo karibu na sifuri, kisha mstari ulionyooka juu yake. Huo mstari ndio sampuli yako. Kama huna nafasi ya kutengeneza sampuli upya, pima kwenye uga mbili kubwa, tuseme tesla 2 na tesla 5, ukatumia tofauti yake: uchafu uliokwisha kujaa unajifuta wenyewe. Njia ya Honda na Owen, ya kuchora M/H dhidi ya 1/H na kuusogeza mstari hadi 1/H iwe sifuri, hufanya jambo hilohilo kwa uga nyingi.

Ila usiitumie njia hii kisha ukaandika kwamba sampuli ilikuwa safi. Andika kiasi ulichoondoa.

ZFC imeshuka chini ya sifuri, au kitanzi kimegeuka kinyumenyume

Mchoro wa ZFC unaoanzia kwenye thamani hasi kwenye 2 K umewahi kufurahisha watu wengi kuliko ulivyostahili. Kisababishi cha kawaida ni uga uliobaki. Koili ya superkondakta iliyopelekwa tesla 5 au 7 na kurudishwa haifiki sifuri ya kweli. Hubaki na uga kidogo ulionaswa, unaoweza kufika makumi ya ersted, na baada ya uga mkubwa chanya uliobaki katikati ya koili huwa hasi. Skrini itaandika sifuri kwa sababu inasoma mkondo wa umeme, haisomi uga. Sasa sampuli yako "iliyopozwa bila uga" imepozwa ndani ya uga hasi, spini zikagandia upande huo, na ukipandisha ersted 20 chanya hazigeuki.

Kabla ya kupoza, shusha uga kutoka tesla moja hivi kwa kuyumbisha chanya na hasi, kila mara kidogo zaidi, sampuli ikiwa bado juu ya joto la mpito. Kisha pima uga wa kweli kwa paladi: ni paramagneti inayojulikana vizuri, na ukigawa usumaku wake kwa mwitikio wake unapata uga uliopo sasa hivi. Vifaa vingi vina programu ya kupasha koili ili kuufuta uga wote ulionaswa. Hiyo iachie msimamizi wa kifaa, kwani inakula heli na ikikosewa hesabu inakula zaidi.

Kitanzi kinyumenyume, ambacho mkono wa kushuka unapita chini ya mkono wa kupanda, kina chanzo hichohicho. Eneo la kitanzi ni nishati inayopotea kila mzunguko. Eneo hasi maana yake sampuli inatengeneza nishati bure, na ukiamini hivyo usihangaike tena na oksidi, nenda kafungue kampuni ya umeme.

Kisababishi cha pili ni programu ya kifaa. Ishara ikikaribia sifuri, hesabu inayotafuta katikati ya sampuli hupotea na kushika mahali pasipo sampuli. Fungua data ghafi ya volti dhidi ya mahali: kama umbo lake limevurugika, thamani uliyopewa haina maana. Funga mahali pa katikati kwa kutumia uga mkubwa, halafu rudia.

Kisababishi cha tatu ni cha kweli, na ndicho cha mwisho kukubaliwa. Kuna oksidi ambazo usumaku wake hugeuka wenyewe. YVO3 huingia mpangilio karibu na 116 K, na usumaku wake hugeuza alama karibu na 95 K na tena karibu na 77 K. Ukitaka kudai jambo kama hilo, onyesha kwamba kugeuka kunabaki unapopoza ndani ya uga chanya uliopimwa kwa paladi, na kwamba ukipoza ndani ya uga hasi mchoro wote unapinduka.

Mkia unaopanda chini ya 10 K

Antiferomagneti ilitakiwa kushuka au kutulia, lakini kadiri unavyokaribia 2 K inapanda kama 1/T. Karibu kila mara hizi ni spini zilizo peke yake: kasoro za fuwele, punje za juu ya uso, au ioni za kigeni. Hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini ioni za adimu za dunia ndizo mbaya zaidi. Kigezo cha Curie (C katika mkia wa C/T) cha spini nusu, kama ya shaba, ni 0.375 emu·K kwa moli. Cha Gd3+ ni 7.88. Asilimia moja ya gadolini inapiga kelele sawa na asilimia 21 ya shaba. Kwa hiyo soma cheti cha unga wa lanthani au itri ulionunua, na usitosheke na namba ya usafi iliyo mbele ya chupa.

Kwa tando nyembamba, mtuhumiwa wa kwanza ni kitako, yaani fuwele ambayo utando umeoteshwa juu yake. Pima kipande kitupu cha SrTiO3 au LaAlO3 kutoka boksi lilelile.

Ili kupima ukubwa wa mkia, chora usumaku dhidi ya uga kwenye 2 K. Spini huru hujaa ndani ya tesla chache, na umbo la kujaa litakuambia ni spini ya ukubwa gani. Kuondoa mkia kwa kutoa C/T ni halali ikiwa mkia ni sehemu ndogo ya ishara. Ukiwa ndio ishara yote, hakuna cha kuokoa hapo. Tengeneza sampuli nyingine.

Namba za Curie na Weiss hazieleweki

Chukua ZnCr2O4 kama mfano. Cr3+ inatakiwa kutoa 3.87 μB (magnetoni za Bohr, kizio cha usumaku wa ioni moja). Umepata 5.47. Hiyo ni 3.87 mara kipeuo cha pili cha 2: umegawa kwa moli za fomula nzima na kusahau kwamba ndani yake kuna kromi mbili. Kosa hili ndilo linaloongoza, kisha linafuata la uzito. Sampuli ya miligramu 3 kwenye mizani inayoyumba miligramu 0.1 tayari ina kosa la asilimia tatu. Uzito pia huharibika kabla ya tanuru: La2O3 hunyonya unyevu na kaboni dioksidi, kwa hiyo lazima ichomwe karibu na nyuzi 1000 za Selsiasi na kupimwa ikiwa imetoka humo karibuni. Atakayeipima moja kwa moja kutoka kwenye chupa atakuwa na lanthani pungufu, na metali ya pili iliyozidi itajitokeza kama oksidi ya kigeni. Rudi kwenye nundu ya 43 K.

Kisababishi cha tatu ni masafa ya halijoto, na hapa ndipo ZnCr2O4 inafundisha. Halijoto yake ya Weiss, yaani pale mstari wa 1/χ unapokata sifuri (χ ni usumaku ukigawanywa kwa uga), ni karibu −390 K, lakini mpangilio unakuja kwenye 12.5 K tu. Uwiano huo wa takriban 31 (kinachopita 10 huhesabiwa kuwa mvutano mkali kati ya spini zisizoweza kuridhika zote kwa pamoja) maana yake ni kwamba hata kwenye 300 K spini tayari zinasikilizana. Ukichora mstari kati ya 50 na 150 K utapata namba, tena yenye tarakimu nyingi, isiyo na maana yoyote. Panda juu kadiri kifaa kinavyoruhusu, na ukiweza tumia tanuru ya magnetomita.

Mwisho, ondoa diamagneti ya viini na ya kishikio kabla ya kupindua χ kuwa 1/χ. Ioni ya oksijeni pekee ni karibu −12 × 10⁻⁶ emu kwa moli. Ni kidogo, lakini kwenye halijoto za juu, ambako ndiko unakochora mstari, χ nayo ni ndogo.

Co2+ iliyozungukwa na oksijeni sita ikikupa kati ya 4.7 na 5.2 μB badala ya 3.87, usitafute kosa. Mzunguko wa elektroni unachangia.

Halijoto ya mpito haikubaliani na ya wengine, au inatofautiana kati ya kupoza na kupasha

Punguza kasi. Kipimajoto kinakaa ukutani mwa chemba na sampuli inaning'inia ndani ya gesi. Kwa kelvini tano kwa dakika vitu hivyo viwili havipo kwenye halijoto moja. Pima kwa vituo, ukisubiri kila kimoja kitulie. Tofauti ikibaki palepale, huenda mpito ni wa ghafla kweli, kama ule wa ZnCr2O4 ambao huambatana na kupinda kwa fuwele.

Ukishuku kipimajoto, weka kipande cha risasi kwenye uga wa ersted 10: kinatakiwa kuwa superkondakta kwenye 7.2 K. Bati ni 3.72 K na indi 3.41 K. Mruko mdogo karibu na 4.2 K ni wa kifaa, kwa kuwa mifumo mingi hubadili namna ya kupoza hapo. Vipimo vya risasi vikikosea kwa zaidi ya sehemu ndogo ya kelvini, usirekebishe jedwali la kipimajoto wewe mwenyewe, mwachie msimamizi.

Halafu kuna suala la namna unavyoisoma namba. Kilele cha χ si halijoto ya Néel, yaani ile ambapo antiferomagneti hujipanga. Kwa antiferomagneti, tafuta kilele cha mteremko wa χT dhidi ya T, kama Michael Fisher alivyoonyesha mwaka 1962. Kwenye oksidi za matabaka au minyororo, kilele kipana cha χ kinaweza kukaa juu sana ya mpangilio halisi.

Na kama kila kitu ni sawa, basi oksijeni ndani ya fuwele si sawa. LaMnO3 yenye oksijeni kamili ni antiferomagneti chini ya takriban 140 K. Iliyozidi oksijeni inageuka feromagneti. Pima kiasi chake kwa titresheni ya iodini au kwa mizani ya tanuru kabla ya kumlaumu mtu aliyechapisha namba nyingine.

Usumaku unaonyesha mpito, uwezo wa kubeba joto hauonyeshi

Kama kilele cha χ ni kikali na mchoro wa joto ni laini kabisa, uwezekano wa kwanza ni kwamba mpito ni wa uchafu: asilimia moja ya feromagneti hutawala usumaku lakini haionekani kwenye joto. Wa pili ni kwamba spini zimeganda ovyo bila mpangilio. Hilo linaamuliwa kwa uga unaoyumba: pima kwenye hezi 10, 100 na 1000. Kilele kikisogea kwa asilimia moja au chini yake kila mzunguko wa uga ukiongezeka mara kumi, ni spini zilizoganda. Kikisogea kwa asilimia kumi au zaidi, fikiria chembe ndogo ndogo za feromagneti zisizogusana.

Wa tatu ni kipimo kibaya. Kidonge kisichokandamizwa vizuri hakishikani na jukwaa. Ukiona kifaa kinaripoti mgusano wa joto chini ya asilimia 90, usiamini kinachofuata. Mpito wa ghafla hufutwa na njia ya kawaida ya kulinganisha mteremko wa kupoa; tumia pigo refu la joto na usome mteremko moja kwa moja. Kinyume chake pia hutokea: nundu kati ya takriban 200 na 300 K ambayo si ya sampuli bali ya grisi ya N inayoishikiza sampuli kwenye jukwaa. Pima grisi peke yake kwanza.

Ukipata kilele, hesabu entropia baada ya kuondoa mchango wa mitikisiko kwa kutumia oksidi ndugu isiyo na sumaku. Spini 3/2 inatakiwa kutoa R ln 4, yaani jouli 11.5 kwa moli kwa kelvini. Ukipata moja, unazungumzia sehemu ndogo ya spini zako.

Nyutroni hazionyeshi vilele vipya

Mwaka 1949 Clifford Shull na Samuel Smart waliona kwenye MnO, chini ya joto lake la Néel, vilele ambavyo seli ya eksirei (kipande cha fuwele kinachojirudia) isingeviruhusu. Vilihitaji seli iliyoongezwa urefu mara mbili. Kwa hiyo tafuta mahali sahihi: kwenye antiferomagneti vilele vingi vya sumaku huwa kati ya vilele vya fuwele, na kwenye pembe ndogo, kwani nguvu yake hupungua haraka pembe ikikua. Toa data ya juu ya mpito kutoka kwenye data ya chini yake, na kilele kidogo kitajitokeza.

Kama bado hakuna kitu, angalia kwanza ufyonzaji. Gadolini ya asili hufyonza nyutroni za joto kwa karibu barni 49,700 (barni ni kizio cha ukubwa wa shabaha ya kiini), samari karibu 5,900, europi karibu 4,500. Unga mnene wa hivyo ni ukuta. Usambaze kwenye bati jembamba, tumia nyutroni za mawimbi mafupi, au agiza isotopu isiyofyonza. Kisha angalia ukubwa wa spini: chini ya takriban 0.3 μB, unga kwenye mashine ya kawaida hautakupa kitu, na utahitaji fuwele moja. Kilele kinachobaki juu ya mpito mahali palepale huenda ni nyutroni za nusu urefu wa wimbi zilizopenya kichujio.

Sampuli ikitoka kwenye mwale, haitoki chumbani hadi ofisa wa kinga ya mionzi aipime. Kobalti hugeuka kobalti-60, ambayo nusu uhai wake ni miaka 5.27. Kopo likivunjika au unga ukimwagika ndani ya kriyostati, usiuokote. Funga mwale, weka kibao mlangoni, umwite yeye, hata kama muda wako wa mashine unaishia usiku huo.